Vua Kofia Kabla ya Moto

Jumapili, 27 Juni 1971

Siku mbaya. Siku njema. Nianze na ubaya.

Asubuhi, akitoka misa, amepita Mama Pelagia, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na daftari lake kwapani. Hapigi hodi. Anakohoa tu, na nyumba nzima inasimama. Akasema ikifika Saba Saba kila mtu mzima hapa Gongoni awe na kazi inayojulikana. Asiye nayo atapewa jembe na nafasi kwenye lori, akaanze maisha mapya katika kijiji cha ujamaa huko mbele ya Usoke. Akaniuliza kazi yangu ni ipi. Nikamwambia kwa sasa natafakari. Akaandika neno moja. Sikuliona vizuri, ila lilikuwa fupi mno kuwa "natafakari".

Mimi na jembe! Nina miaka arobaini na moja. Mgongo huu haukuumbwa kwa matuta ya tumbaku. Ujamaa naunga mkono kwa moyo wote, nikiwa nimekaa.

Sasa wema. Ushirika unafungua mgahawa karibu na stesheni, na unatafuta mpishi mkuu. Kamati itaonja nyama uwanjani siku ya Saba Saba, mbele ya mgeni kutoka mkoani. Aliyejiandikisha mpaka leo ni mmoja: Hamdun, muuza mishkaki wa njia ya stesheni. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, na tangu hapo ukoo mzima haujaacha kupepea makaa. Anapepea, anatokwa machozi kwa moshi, watu wanasema hodari. Basi nami nimejiandikisha. Mama Pelagia akauliza kama najua kupika. Nikasema upishi wangu haujafika Tabora bado.

Jioni ukafika. Kuna Mzungu mtaalamu wa tumbaku, sisi tunamwita Bwana Jani. Anarudi kwao kwa treni ya kesho na alitaka mbuzi wa karamu ya kuagana. Mimi nililitaka lile jiko lake la gesi la kuchomea nyama, la kuweka uani, lenye miguu minne, mtungi, mpira na kifuniko kinachong'aa. Tukabadilishana. Mbuzi nilimpeleka mwenyewe.

Mbuzi ni wa mke wangu Siwema. Nitamweleza kesho.

Jumatatu, 28 Juni

Nimemweleza. Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa kizingitini akaitazama kamba tupu, halafu akasema yule mbuzi alikuwa na mimba. Nikamwambia jiko nalo lina mtungi.

Limefika kwa mkokoteni! Mtaa mzima umetoka. Hata Hamdun alikuja, akalizunguka mara mbili, akakigonga kifuniko kwa ukucha. Akasema, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba moto usio na makaa ni kama mgeni asiyesema kwao ni wapi: mkaribishe, lakini usilale fofofo. Wivu! Umemjaa mpaka kwenye ndevu.

Bwana Jani ameniachia na karatasi ya maelekezo, kwa mkono wake, kwa Kiswahili. Nainakili hapa isije ikapotea:

"Moja. Jiko kaa nje, hapana ndani. Mbili. Tia sabuni katika mpira. Kama povu, hapana moto. Tatu. Vua kofia kabla ya moto. Nne. Sahani mbili. Tano. Kuku, mpaka maji safi."

Kiswahili cha Kizungu, lakini kiko wazi kabisa. Mtu aliyefika darasa la nne kabla ya Uhuru hashindwi na hayo. Ya tatu imenigusa. Najua wenzetu wanavua kofia wakiingia kanisani. Kumbe hata mbele ya moto! Adabu iliyoje.

Siwema akaiomba karatasi. Siku hizi anakwenda kisomo cha watu wazima, kwa Mama Pelagia, na daftari hili ninaloandikia ni lake, nimechukua kurasa za nyuma. Akaisoma kwa kidole, herufi moja moja, mpaka nikasinzia. Mwisho akasema anadhani kofia hapo ni kofia ya jiko, yaani kifuniko. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia kofia ni kofia na kifuniko ni kifuniko, na kisomo kina hatua zake. Akauliza kati yangu na jiko anayewashwa moto ni nani.

Swali halikuwa na heshima.

Jumanne, 29 Juni

Naandika nikiwa nimelala chali.

Nilifuata kila neno. Jiko nje. Mpira nikaupaka sabuni, na hapo kwenye kiungo chake na mtungi povu likaanza kutoka, likavimba, likapasuka, likavimba tena. Nilifurahi! Kama povu, hapana moto, yaani penye povu moto haupiti. Nikaongeza sabuni. Kifuniko nikakifunga vizuri, upepo usiusumbue moto. Nikafungua koki. Nikavua kofia yangu ya viua, ile Siwema aliyonishonea wakati wa uchumba, nikaitundika kwenye mpini wa kifuniko. Kiberiti hakikuwa mfukoni. Hakikuwa ndani. Nikaenda kuazima kwa jirani, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Nikarudi. Nikawasha.

Sijui nilifikaje kwenye banda la kuku.

Nyusi hazipo. Sharubu imebaki ya upande mmoja. Kofia ina tundu la kupita yai. Siwema alikuja mbio akinimwagia maji ya kufulia, akafunga koki kwa mkono mmoja na kunishika kichwa kwa mwingine, akaniita Baba Nunu, Baba Nunu, kwa jina la binti yetu, kama ninakwenda zangu na yeye ananirudisha. Alikuwa analia. Kwa mbuzi hakulia, kwangu alilia. Naliandika hilo kwa sababu nataka kulikumbuka.

Nimetafuta kosa na nimelipata. Kofia niliivua, lakini niliitundika karibu mno. Itabidi ipelekwe mbali.

Jumatano, 30 Juni

Siwema amenichora nyusi kwa wanja. Amezichora juu kidogo. Kila niliyekutana naye leo ameniuliza kitu gani kimenishangaza.

Upelelezi! Nimejibanza nyuma ya rundo la kuni karibu na banda la Hamdun, nikaona siri yake yote. Anakuna papai bichi, kipande kidogo kama kidole gumba, anachanganya na ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, anapaka nyama. Papai ndilo linalolainisha! Ukoo mzima umetuficha hilo tangu enzi za misafara. Jua likaniyeyusha wanja ukaingia machoni, nikapiga chafya, na Hamdun, bila kugeuka, akanikaribisha kahawa. Nikanywa ili asishuku.

Kama kipande cha kidole gumba kinalainisha, mapapai matatu yatafanya nini! Nimeyakuna yote. Nyama ya ng'ombe imelala ndani yake.

Alhamisi, 1 Julai

Nyama imekuwa uji. Niliishika, ikapita kati ya vidole. Paka ameinusa akaondoka.

Lakini sikiliza! Leo jiko limewaka! Mbele ya shahidi! Alikuja Masolwa, mrina asali wa Sikonge, na baiskeli yake yenye madebe mawili ya asali nyuma. Alisema mwangaluka, akaniangalia nyusi, akaanza kucheka kabla sijaitikia. Nikamkabidhi kofia yangu, nikamwambia aipeleke mpaka kwenye kona ya barabara, akae nayo huko. Akaenda. Watu wa Sikonge ni wasikivu.

Siwema alikuwa ameosha kifuniko akakiacha wazi kikauke, wala hakukirudisha. Tena alikuwa amefuta povu langu lote! Anasema povu ni dalili kwamba gesi inatoroka, kwa hiyo alikwenda kuazima spana kwa Hamdun, akakikaza kiungo, akapaka sabuni upya, na povu halikutoka. Kwa Hamdun! Nikamkemea. Nikawasha kiberiti nikiwa na wasiwasi, akasema nisogeze uso nyuma, akafungua koki pale pale. Pu! Moto wa bluu, mpole, umejipanga mstari.

Kofia! Nilijua! Mbali, ndiyo siri.

Siwema alinunua nyama nyingine, akaondoa mafuta ya pembeni, eti yakidondoka yanapandisha ndimi za moto. Akageuza mishkaki kidogo kidogo, na asali ya Masolwa akaipaka mwishoni kabisa, kwa kuwa asali ikiwahi inaungua. Mimi nilisimama kando nikisimamia. Jirani alikula, halafu akalamba kijiti. Nilijivunia sana upishi wangu.

Ijumaa, 2 Julai

Mkakati. Nimrambishe Mama Pelagia mapema, kabla ya kamati. Nimetoka msikitini na wazo hilo likiwa limeiva. Nikamwalika aje jioni ale kuku.

Akaja. Akaketi. Akamtazama kuku, akanitazama mimi. Akasema Ijumaa yeye hali nyama, tangu kipaimara, na nilipaswa kulijua hilo maana tumekuwa majirani miaka kumi na minne. Nikataka ardhi inimeze. Siwema akamwekea maharage yake ya nazi. Mama Pelagia akala sahani ya kwanza, akaomba ya pili.

Sahani mbili! Ile ya nne ya Bwana Jani! Mpishi hodari ni yule anayemfanya mgeni ale sahani mbili. Siwema anasema maana yake ni sahani moja ya nyama mbichi na nyingine ya nyama iliyoiva, zisichanganywe. Maskini, kisomo kinamchosha.

Mama Pelagia amekubali kurudi kesho.

Jumamosi, 3 Julai

Leo nimepika peke yangu. Siwema alikuwa sokoni na maandazi yake.

"Kuku, mpaka maji safi." Nilimwosha kuku maji kumi na moja! Ya kwanza yalikuwa mekundu, ya tano ya waridi, ya kumi na moja ungeweza kuyanywa. Hakuna kuku aliyepata kuoshwa hivyo katika mkoa wa Tabora. Kifuniko Siwema alikuwa amekiacha wazi tena, uvivu tu, nami sikuwa na muda wa kukifunga. Kofia nikaituma kwa jirani. Jiko likawaka bila neno.

Moto nikaufungua wote, mgeni asisubiri. Kwa muda mfupi tu kuku alikuwa mweusi kote. Nikajua ameiva. Nikamrudisha kwenye sahani ile ile aliyolala na viungo akiwa mbichi, kwa sababu mchuzi wake ulikuwa umebaki mzuri na kuumwaga ni dhambi. Mama Pelagia alikata, akasita, akauliza kama ndani panatakiwa pawe pa rangi hiyo. Nikamwambia ndiyo mtindo wa Ulaya. Akala, kwa adabu. Nami nikala paja. Liliteleza lenyewe.

Hakuomba sahani ya pili. Kesho ataomba kazi iwe yangu, naona machoni mwake.

Jumapili, 4 Julai

Tumbo. Siandiki zaidi.

Baadaye. Mama Pelagia amekosa misa. Ni mara ya kwanza tangu Uhuru, mpaka padre ametuma mtu kuuliza kama amefariki. Mimi nimekwenda chooni mara tisa. Siwema anasema Mama Pelagia mara kumi na mbili. Hata hapo nimeshindwa.

Siwema ametembea baina ya nyumba mbili tangu alfajiri na sufuria ya uji mwepesi wa mtama wenye chumvi. Alipokaa kidogo akanieleza ile ya tano. Kuku ukimchoma kijiti pajani, maji yakitoka mekundu bado, yakitoka safi ameiva. Hayo ndiyo maji. Nikamwambia, kwa sauti ndogo niliyokuwa nayo, kwamba kama Bwana Jani angetaka kusema hivyo angesema hivyo.

Niliogopa leo. Si tumbo. Nilimwona Mama Pelagia akilini, amekaa kitandani, analifungua daftari. Nikaona lori.

Jumatatu, 5 Julai

Nimepona. Nimefungua daftari hili nikakuta neno "shahidi" nililolikosea Alhamisi limesahihishwa kwa penseli. Kuna mtu analisoma! Nani? Hamdun tu. Kuanzia leo nalificha ndani ya debe la unga, mahali ambapo hakuna mtu atakayegusa.

Vita ni vita. Bila makaa, Hamdun ni mtu aliyeshika kipepeo tu. Mchana, alipokwenda kuswali, niliingia kwenye banda lake nikamwagia gunia la makaa ndoo mbili za maji. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Saa kumi Siwema akaniambia niende kwa Hamdun nikamchukulie gunia lake la makaa, alilomwomba Hamdun amhifadhie, mvua isije ikalilowesha. Julai! Mvua gani Julai?

Leo tumekula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji. Hamdun ametuletea makaa makavu ya kuazima, amesema jirani ni jirani. Anajua kunitesa mtu yule.

Jumanne, 6 Julai

Kesho ndiyo kesho. Maandalizi yote tayari. Nimekisugua kifuniko kwa majivu na ndimu mpaka nikajiona humo, nyusi zangu zinaanza kuota. Nimegundua jambo la hatari: tangu Siwema akaze kile kiungo, povu halitoki kabisa! Ulinzi umekwisha! Nimekilegeza kidogo. Nimepaka sabuni. Povu limerudi. Nimeshusha pumzi.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba

Historia lazima iandikwe.

Uwanja ulijaa. Ngoma, bendera, watoto wa shule kwa mistari, akina mama kwa vitenge vipya. Mgeni kutoka mkoani alikaa mbele, na meza yake ikapambwa kwa maua na, mahali pa wazi kabisa, jembe jipya. Nililitazama jembe lile. Likanitazama.

Hamdun upande ule na makaa yake, mimi upande huu na jiko langu, kifuniko kimefungwa, kinamulika uwanja mzima. Siwema akasema kiwe wazi. Nikasema mgeni ajione humo kwanza. Akasema basi nisiguse koki mpaka arudi na sahani. Akaondoka haraka. Mgeni akasimama kuhutubia, nami nikafungua koki, ili gesi itulie na kuzoea mahali.

Alianza na kilimo. Akaingia kwenye pamba. Akatoka kwenye pamba akaingia kwenye tumbaku, akaieleza tangu kitaluni mpaka sokoni. Povu langu lilikuwa linavimba vizuri. Nikavua kofia kwa heshima, nikampa Masolwa, naye akaipeleka hadi goli la mbali kabisa. Watu walinigeukia. Nilijisikia mkubwa. Mgeni akasema ahsanteni. Nikawasha kiberiti.

Sikuusikia mlio. Niliuona. Kifuniko kilipaa, kikageuka mara mbili hewani kinang'aa, kikashuka juu ya jiko la Hamdun kikaifunika mishkaki yake yote, kwa utulivu, kama kilichochukuliwa vipimo. Nilikuwa nimekaa chini, mita kadhaa kutoka nilipokuwa nimesimama. Ngoma zilikoma. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mgeni alikuwa chini ya meza, ameshika jembe. Kofia yake ilikuwa bado kichwani.

Sikuweza kunyanyuka. Niliwaza: mtaa wote umeona. Siwema ameona. Nikatamani lori lije wakati ule ule linichukue.

Siwema ndiye aliyekuja. Hakunikemea. Alifunga koki ya mtungi, akaung'oa mpira, akamwambia Masolwa auweke mtungi mbali na watu na kila chenye moto. Akamwita Hamdun. Wakazungumza maneno matatu. Hamdun akaleta makaa yake yaliyosalia, wakayapanga ndani ya jiko langu lisilo na kifuniko wala gesi, juu wakaweka wavu. Siwema akaondoa mafuta kwenye nyama. Nyama mbichi kwenye sahani ya bluu, iliyoiva kwenye sahani nyeupe, na Hamdun alipozichanganya, Siwema alimpiga mkono kwa mwiko. Kuku akamchoma kijiti pajani, akatazama maji, akatikisa kichwa, akasubiri. Uwanja mzima ulisubiri naye. Akachoma tena. Akaitikia kwa kichwa.

Mgeni alikula sahani mbili.

Alhamisi, 8 Julai

Kikohozi mlangoni saa moja asubuhi. Nilikuwa nimeshakunja mkeka na shati la pili. Nilikuwa tayari kwa Usoke kama mwanamume.

Mama Pelagia akafungua daftari. Akasoma. Mpishi mkuu wa mgahawa wa ushirika: Siwema. Msaidizi wake wa moto na makaa: Hamdun. Halafu akanigeukia. Akasema kamati ilikuwa imeshaniandika kwenye lori, na yeye ndiye aliyeshika kalamu, kwa furaha, kwa sababu ya siku ya kuku. Lakini mpishi mkuu ametoa sharti. Amesema hapiki hata ugali mpaka vyombo vioshwe na mtu anayemjua tabia.

Kwa hiyo nina kazi inayojulikana. Safari hii niliona alichoandika. Lilikuwa neno refu: "Mwosha vyombo. Asiguse moto."

Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia kidogo. Kwa sababu ya jembe kuniepuka. Na kwa sababu nyingine. Niliporudi nilimwambia Siwema nitamtafutia mbuzi. Akasema atashukuru, ila nisimtafute kwa kubadilishana na kitu chochote kilicho ndani ya nyumba.

Hamdun amenirudishia kifuniko. Anasema ile mishkaki iliyofunikwa ilitoka laini ajabu, nimfundishe. Nimekataa.

Jumamosi, 10 Julai

Siku mbili za kuosha sahani. Bluu kwa bluu, nyeupe kwa nyeupe. Vidole vimekuwa kama zabibu kavu. Lakini maji ya moto yanachangamsha akili, na leo saa nane, nikisugua sufuria ya wali, nimeelewa kila kitu!

Kwa nini Alhamisi ile jiko liliwaka vizuri na Saba Saba likapasuka? Siku zote mbili mimi nilivua. Lakini uwanjani nani mwingine alivua? Hakuna! Wazee wote na kofia zao. Mgeni na kofia yake, mpaka chini ya meza! Hamdun na kofia yake! Bwana Jani hakuandika "vua kofia yako". Aliandika "vua kofia". Maana yake wote! Siku nzima nimecheka peke yangu juu ya karai. Hamdun akauliza kuna nini. Sikumwambia.

Sasa, mpango. Mbuzi wa Siwema lazima apatikane, na hatapatikana kwenye karai. Masolwa anasema kurina asali ni kazi ya kubishana na moshi: vijinga vya moto, kikohozi, nyuki wakali, nusu siku kwa mzinga mmoja. Moshi! Makaa! Mambo ya kizamani yale yale ya kina Hamdun! Nina mtungi wa gesi umekaa bure uani. Nyuki watatoka mzingani wenyewe kwa foleni. Mizinga kumi kwa asubuhi moja. Kesho Jumapili mgahawa umefungwa. Tunaondoka alfajiri kwa baiskeli ya Masolwa, na jioni narudi na asali, baada ya hapo mbuzi, tena wawili. Siwema hajui lolote, kwa sababu nimeyaandika humu tu, na daftari linalala ndani ya unga.

Usiku. Nimekwenda kuufunga mtungi kwenye baiskeli. Umekuwa mwepesi ajabu! Juzi tulihitaji watu wawili, leo nimeunyanyua kwa mkono mmoja, na koki haitoi mlio wowote. Kuosha vyombo kumenipa nguvu. Safi, baiskeli haitalemewa.

Masolwa amenionya kwamba nyuki wa Sikonge hushambulia kichwa kwanza, na wao warina asali hujifunika mpaka shingoni. Nimemwambia kesho hakuna kujifunika, na yeye pia, na ndugu zake wote watakaokuja kutazama. Hajacheka safari hii.

Ajabu ya mwisho. Katika mfuko wangu wa safari nimekuta maandazi sita, chupa ya maji, na kofia kubwa ya ukindu, mpya, imeshonewa chandarua pembeni mpaka mabegani, kwa ule ule mshono mdogo mdogo wa ile kofia yangu ya uchumba. Sijui imefikaje humo. Maandazi nimeyaacha mfukoni. Kofia nimeitoa, nimeitundika msumarini.